Faili la Mtoto wa Mwanajeshi

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na kaka yangu Baraka yupo upande wa pili wa meza kama kawaida. Mazungumzo ya leo si ya masikio ya watoto. Ukiwa nao karibu, tusikilize baadaye au weka visikilizio masikioni.

BARAKA: Tunazungumzia familia za wanajeshi wa Marekani. Mtoto mmoja anamfanyia mtoto mwenzake jambo la kingono ambalo haliendani kabisa na umri wao. Wazazi wa pande zote mbili wanabaki wameduwaa. Sasa serikali inafanya nini hapo? Inaandika nini, inaweka wapi, na nani anaruhusiwa kusoma?

ZUHURA: Nami niseme kwa nini nilikuomba tuifanye mada hii. Nimefanya kazi ya ukalimani Marekani kwa miaka. Wako watu wetu wa Kenya, Tanzania na Kongo walioingia jeshi la huko, na wenza wao wanakaa nyumba za kambini na Kiingereza bado kinawapiga chenga. Nimekaa na baadhi yao kwenye vikao vya namna hii. Nimetafsiri sentensi ambazo sikuwa tayari kuzitamka.

BARAKA: Tutafika huko, dada. Kwanza tuwape wasikilizaji chimbuko. Machi 2018 shirika la habari la Associated Press lilitoa uchunguzi mrefu. Lilikuta kesi karibu 600 za watoto na vijana kushambuliwa kingono na wenzao ndani ya kambi za jeshi la Marekani tangu 2007. Idadi hiyo inatisha, lakini mimi lililonikaa zaidi ni kwamba Pentagon yenyewe, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, haikuwa na hesabu. Waandishi wa habari ndio waliohesabu.

ZUHURA: Jeshi linalojua idadi ya buti kwenye kila ghala!

BARAKA: Na sababu yake inaeleweka ukiifuatilia. Jeshi lina Programu ya Utetezi wa Familia, wengi wanaiita FAP tu. Hiyo ilijengwa kwa ajili ya ukatili wa ndani ya nyumba: mzazi na mtoto, mume na mke. Mhusika anayetafutwa ni mtu mzima mwenye dhamana. Sasa mtoto wa miaka tisa na wa jirani wa miaka saba, hao unawaandika wapi? Fomu haikuwa na mahali pao.

ZUHURA: Na mahakamani je?

BARAKA: Huko ndiko mambo yalikuwa yanapotea kabisa. Sheria ya kijeshi haimhusu mtoto wa mwanajeshi, maana yeye si askari. Halafu kuna kambi ambazo ardhi yake iko chini ya mamlaka ya serikali ya shirikisho peke yake, kwa hiyo mahakama ya watoto ya jimbo haina nguvu mle ndani. Anabaki mwendesha mashtaka wa shirikisho, na ngazi hiyo haina mahakama maalumu za watoto kama zilivyo za majimbo. Faili linazunguka, kila mlango unaambiwa si wa hapa. Mwisho linakaa kwenye droo.

ZUHURA: Na mtoto aliyeumizwa anapanda basi lile lile la shule na yule aliyemuumiza.

BARAKA: Ndiyo. Bunge la Marekani likaingilia kati mwaka huo huo. Kwenye sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2019, iliyotiwa saini tarehe 13 Agosti 2018 kule Fort Drum, jimbo la New York, kuna kifungu cha 1089. Kinaitaka Wizara ya Ulinzi iwe na sera moja kwa majeshi yote: kila taarifa ya aina hii ipitiwe na FAP, wanaoipitia wawe wamefunzwa, na taarifa ziingizwe kwenye hifadhidata moja ya pamoja. Hilo la hifadhidata ndilo nataka tuliangalie vizuri.

ZUHURA: Maana kulikuwa na hifadhidata nyingi, sivyo?

BARAKA: Kila jeshi na yake. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, ile GAO, ilitoa ripoti Februari 2020. Ilionyesha kwamba kati ya 2014 na 2018 majeshi yalipokea taarifa zaidi ya 69,000 za watoto kutendewa vibaya. Naomba nisieleweke vibaya hapa: hiyo ni jumla ya kila aina, kupigwa, kutelekezwa, kutukanwa, ukatili wa kingono. Si watoto kwa watoto peke yake. Ila ripoti ilisema wizara haioni picha nzima, kwa sababu mifumo ya kumbukumbu haiwasiliani, na kila kambi ina uhuru wake wa kuamua kipi kinaingia na kipi kinaachwa nje.

ZUHURA: Kipi kinaachwa nje. Unajua, mtu akisikia "ukusanyaji wa taarifa" anaona makarani na kompyuta. Lakini kisa kisichoingia kwenye hesabu hakitengewi mtaalamu. Kambi ikiripoti sifuri, nani atapeleka huko mnasihi wa watoto? Yule mama atapewa namba ya simu na kuambiwa asubiri.

BARAKA: Sasa kuna msikilizaji hapo anasema: mtoto amefanya kosa, aadhibiwe, mambo ya hifadhidata ya nini?

ZUHURA: Huyo simlaumu. Mzazi wa mtoto aliyeumizwa ana haki ya kuwaka. Lakini kuna utafiti ambao natamani kila mzazi aujue. Chuo Kikuu cha Oklahoma kiliwafuatilia watoto 135 wa miaka mitano hadi kumi na miwili waliokuwa na tabia hizi. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipata tiba ya kujifunza kanuni na kujidhibiti, na wazazi wao wakifundishwa pia. Kundi lingine lilipata tiba ya michezo. Wakafuatiliwa miaka kumi, na matokeo yalichapishwa 2006. Kundi la kwanza, waliokuja kuripotiwa kwa kosa la kingono walikuwa asilimia 2. Kundi la pili asilimia 10.

BARAKA: Na watoto wengine?

ZUHURA: Walikuwapo watoto wa kulinganishia, waliofika kliniki kwa utundu wa kawaida tu, bila tabia ya kingono. Wao ni asilimia 3. Kwa hiyo mtoto aliyepata msaada unaofaa, miaka kumi baadaye alikuwa kama hao tu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini. Niliwafikiria wazazi wote niliowaona wakimwangalia mtoto wao kana kwamba wamezaa jini.

BARAKA: Ndiyo maana wataalamu wa huko hawatumii neno "mhalifu" kwa mtoto.

ZUHURA: Hawatumii. Wanasema mtoto aliyeonyesha tabia, na mtoto aliyeathirika. Kwa Kiswahili hilo linanipa taabu kweli. Wazazi wetu watasema "michezo mibaya", na neno hilo linafunika kila kitu, kuanzia vitoto viwili vya miaka minne vinavyochunguliana hadi jambo la nguvu na vitisho. Wenzetu wanapima kwa ngazi: kuna tabia ya kawaida ya ukuaji, kuna ya kuangaliwa kwa tahadhari, kuna yenye tatizo. Wanaangalia tofauti ya umri, kama palikuwa na kulazimishana, kama mtoto amekatazwa akarudia. Ukitafsiri zote tatu "michezo mibaya", umemwonea mmoja na umemficha mwingine.

BARAKA: Tuje kwenye fomu yenyewe. Mzazi amekaa, karatasi ziko mezani. Anachoogopa ni nini?

ZUHURA: Kazi ya mumewe, au mkewe. Anaogopa kamanda atajua. Kama wapo nje ya Marekani, Ujerumani au Japani, anaogopa familia itarudishwa nyumbani kabla ya muda. Na anaogopa jina la mtoto litaingia mahali na halitatoka tena. Kwa hiyo anajibu kwa neno moja moja. "Sijui." "Labda." "Walikuwa wanacheza."

BARAKA: Na taarifa ikikusanywa kwa woga, hata ukiiweka kwenye kompyuta nzuri namna gani, ni taarifa mbovu. Kwa hiyo wasikilizaji wajue ulinzi uliopo. Marekani ina Sheria ya Faragha ya mwaka 1974. Idara ya serikali haiwezi kuanzisha mfumo wa kumbukumbu za watu kimyakimya. Lazima itangaze kwenye gazeti la matangazo ya serikali: mfumo ni wa nini, ni kina nani wamo, taarifa gani zinatunzwa, zinaweza kupelekwa kwa nani. Wananchi wanapewa muda wa kutoa maoni. Na kuna sheria nyingine ya kupunguza makaratasi, ya 1980, inayotaka fomu ya kukusanya taarifa kwa umma iwe na namba ya idhini kutoka ofisi ya bajeti ya Ikulu, na ionyeshe makadirio ya muda wa kuijaza.

ZUHURA: Zile dakika! Ukiona fomu ya serikali imeandikwa itakuchukua dakika kadhaa, ndiyo hiyo.

BARAKA: Ndiyo hiyo. Na aya ya faragha kwenye fomu, ambayo watu wanairuka, lazima iseme mambo manne. Sheria gani inawapa mamlaka ya kuuliza. Lengo ni nini. Taarifa itatumikaje. Na kama kujibu ni hiari au lazima, na usipojibu itakuwaje.

ZUHURA: Mimi huwa naisoma yote, kwa sauti, hata kama ofisa ana haraka. Mzazi akisikia neno "hiari" mabega yanashuka. Nimeona kwa macho yangu. Na mara nyingi baada ya hapo ndipo anaanza kueleza.

BARAKA: Kuna haki nyingine kubwa. Mtu anaweza kuomba kuona kumbukumbu yake, na mzazi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto wake mdogo. Akiona kosa, anaomba lirekebishwe. Wakikataa, na rufaa ikikataliwa, ana haki ya kuandika maelezo mafupi ya kutokukubaliana, na maelezo hayo yanaambatana na kumbukumbu. Kila atakayepelekewa faili baada ya hapo atayakuta.

ZUHURA: Ila sema na lile tundu, kaka.

BARAKA: Naam. Sheria ile ya Faragha inamlinda raia wa Marekani na mkazi wa kudumu aliyekubaliwa kisheria. Mwenza wa askari ambaye bado anasubiri karatasi zake za ukaazi, sheria hiyo haimtaji. Na hao ndio wengi kati ya wale unaowatafsiria, au nakosea?

ZUHURA: Hukosei. Kwa hiyo nawaambia, kama yule mwanajeshi mwenyewe ni raia, au mtoto ni raia, ombi liende kwa jina lake. Usikate tamaa kwa sababu wewe bado unasubiri.

BARAKA: Tuzungumzie kuhama. Familia ya jeshi inahama kila miaka miwili au mitatu. Mtoto anaweza kupita shule sita hadi tisa kabla hajamaliza sekondari. Kumbukumbu inahama?

ZUHURA: Nitakueleza moja, bila kutaja kambi wala mtu. Mama mmoja, mwanawe ndiye aliyeonyesha tabia. Walikuwa wamepata tiba, wiki baada ya wiki, kijana amebadilika. Uhamisho ukaja. Kule walikohamia, ofisi ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Taarifa ya tukio. Tiba haimo, mpango wa usalama haumo, barua ya mnasihi haimo. Tukio limefunga safari, msaada umebaki nyuma. Mama akaanza upya: nini kilitokea, siku gani, chumba gani. Nilitafsiri swali, akaangalia dirishani. Nilidhani hajanisikia. Nikarudia. Akasema, "Nimesikia, dada. Napumua kwanza."

BARAKA: Ndiyo maana hifadhidata ya pamoja mimi naitetea, kwa masharti. Ibebe kilichofanyika baada ya tukio. Familia ilipewa nini, ilikamilisha nini. Bila hiyo ni daftari la makosa ya watoto, na daftari la namna hiyo mimi ningelipinga.

ZUHURA: Na anayeifungua awe na sababu. Si kila mwenye nywila.

BARAKA: Mwisho wa yule mama ulikuwaje? Kama unaweza kusema.

ZUHURA: Aliomba kuona ule ukurasa. Ofisa aliyekuwa zamu siku hiyo alikuwa mtu mwema, akaugeuza upande wetu. Mama hasomi Kiingereza vizuri, lakini kuna neno moja alilitambua. Akaweka kidole juu yake. "Hili linasemaje?" Nikamwambia: mshambuliaji. Mwanawe alikuwa na miaka minane. Akauliza kama linaweza kutolewa. Ofisa akaeleza taratibu, kwamba ombi litachukua muda na huenda likakataliwa, lakini anaweza kuliandika sasa hivi. Akampa karatasi na kalamu. Mama akaniuliza kama anaweza kuandika kwa Kiswahili, mimi nitafsiri chini yake. Ofisa akasema andika. Aliandika mistari mitano, akafuta mmoja, akaandika tena. Aliandika siku mwanawe alipoanza tiba na siku alipomaliza. Halafu akaandika jina la mtoto, majina yote matatu, kwa herufi kubwa, akanisogezea.