Usajili sio majina: kukagua kikosi cha kikapu kabla ya msimu ujao
(Maongezi na makocha na wachezaji vijana, Arusha)

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, machalii mambo vipi. Wale mliosimama mlangoni ingieni bana, viti vipo. Nimeombwa niongelee jinsi timu ya kulipwa inavyojua inahitaji nani msimu ujao, na nimeambiwa wengine mna mazoezi jioni kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Sisi Watanzania mambo ya usajili tumefundishwa na Simba na Yanga. Dirisha likifunguliwa tunataka jina, tunataka mtu ashuke kwenye ndege apokelewe na ngoma, na tukishampata tunajiona tumemaliza kazi, alafu mwezi wa kumi na mbili mtu yuko benchi anapiga makofi na sisi tunamtukana kocha. Kwenye kikapu huo ugonjwa unaua haraka zaidi maana uwanjani wako watano tu, huna pa kumficha mtu.

Kwa hiyo mi naanza na dakika. Mechi ya NBA, ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, ni dakika 48, watu watano, zidisha unapata 240. Hizo 240 ndio mali yote aliyonayo kocha kwa usiku mmoja, tajiri wa timu hata awe na hela ya kununua Mlima Meru hanunui dakika ya 241 labda mechi iende muda wa nyongeza. Mikataba ya kawaida wanaruhusiwa 15, juu yake kuna watatu wa mkataba wa kupanda na kushuka kati ya timu kubwa na ile ya ligi ndogo, jumla 18 kwenye karatasi, ila wanaocheza kweli kweli ni tisa kumi, na mtoano ukifika wanabaki saba au nane. Sasa kabla hujauliza nani anapatikana sokoni, chukua karatasi, andika wanaobaki, kila mmoja atakula dakika ngapi na akiwa nafasi gani, alafu angalia zimebaki ngapi na zimebaki wapi. Hitaji lako liko hapo. Yani hapo kwanza, alafu kwenye zile dakika ambazo zina mwenyewe ila anazicheza vibaya, na hizo ndio ngumu kuziona maana kwenye karatasi zimejaa.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Juni 2009 New York, Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyetokea chuo cha Connecticut, mita 2.21, Memphis Grizzlies wanamchagua namba 2 kwenye drafti, yani ule mgao ambao timu za NBA zinachagua vijana wapya kwa zamu. Namba 3 akaenda James Harden. Namba 7 Stephen Curry.

Nimesikia mtu kacheka huko nyuma. Usicheke kaka. Kila siku watu wanamlaumu Thabeet, mi naona ile karatasi ya Memphis ndio ya kulaumiwa. Msimu uliotangulia walishinda mechi 24 kati ya 82, timu inafungwa tu, hakuna mtu wa kulinda ringi, na sokoni yupo mrefu ambaye amemaliza misimu miwili mfululizo akiwa mlinzi bora wa kanda yake ya vyuo. Mtu yeyote angesema chukua huyo, shimo limeziba. Lakini Memphis walikuwa tayari wana senta, yule mrefu wa kukaa chini ya ringi, Marc Gasol, miaka 24, ametoka kucheza msimu wake wa kwanza na anaonekana kabisa anakua. Alafu mwezi wa saba, wiki chache tu baada ya drafti, wakamleta Zach Randolph kutoka Clippers. Haya tupige hesabu wote. Nafasi mbili za ndani ni 48 na 48, hiyo ni 96. Msimu ule Gasol alicheza karibu dakika 36 kwa mechi, Randolph 37 na kitu. Hapo 73 zimeondoka, zimebaki 23, wagawane wote wengine. Thabeet akaambulia kama 13. Kijana ameanza kugusa mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, wenzake wameanza wakiwa wadogo, huyo anahitaji dakika za kukosea, akosee leo kesho arudishwe akosee tena, na timu ilishinda mechi 40 mwaka ule sasa nani atamtoa Gasol ili mwingine ajifunze? Hakuna kocha wa hivyo. Wakamshusha ligi ndogo kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha. Kwa hiyo timu ilikuwa sahihi kumweka benchi na ilikosea kumchagua, yote mawili ni kweli kwa pamoja.

Ila Memphis hao hao wakaja kufanya kitu kizuri sana, na hichi watu hawakisemi. Februari 2011 Rudy Gay, winga wao mfungaji, akaumia bega. Ghafla dakika za pembeni hazina mwenyewe, na msimu unaisha Aprili. Wakampeleka Thabeet Houston wakamchukua Shane Battier, mtu wa miaka 32, haruki, hapigi chenga, lakini anakaba winga yeyote na akikaa kwenye kona anatupia pointi tatu. Memphis wakaingia mtoano wakiwa wa nane kwenye kanda yao, wakakutana na San Antonio Spurs waliokuwa wa kwanza. Mechi ya kwanza, zimebaki sekunde 20 na kitu, Battier akatupia ya pointi tatu, ikaisha 101 kwa 98, na hiyo ndio ilikuwa mechi ya kwanza ya mtoano kwa klabu ile kushinda tangu izaliwe. Spurs wakatolewa kwa mechi sita. Mwisho wa mwaka huo huo Battier akaenda zake Miami. Shimo lilikuwa la miezi mitatu, wakaleta mtu wa miezi mitatu, sio kijana wa kumsubiri miaka minne.

Hapo ndio nataka makocha mnielewe. Kijana wa drafti anaiva mwaka wa tatu au wa nne, na timu yako wakati huo haitakuwa hii, shimo la leo litakuwa limehama. Kwa hiyo kijana unamchukua kwa uwezo wake, shimo unaziba na mtu aliyeshaiva. Golden State mwaka ule ule wa 2009 walikuwa na Monta Ellis, gadi (mchezaji wa nje anayeshika mpira) mdogo wa umbo na mfungaji, wakachukua gadi mdogo mwingine mfungaji, Curry, na Ellis akasema waziwazi mbele ya waandishi kwamba hawawezi kucheza pamoja. Kwenye karatasi ya mahitaji Curry hayupo kabisa! Machi 2012 wakamtoa Ellis kwenda Milwaukee wakapata senta, Andrew Bogut, na 2015 wakabeba ubingwa Bogut akiwa senta wa kuanza kwa sehemu kubwa ya msimu. Nakiri kuna upande wa pili, Minnesota walikuwa na namba 5 na namba 6 wakachukua gadi wawili wa kugawa mpira, Ricky Rubio na Jonny Flynn, Curry yupo amekaa pale pale, kwa hiyo usidhani ukisema nachagua kipaji basi umepona, inabidi ukijue kipaji chenyewe.

Sasa tuje timu ambayo inasaka ubingwa, maana mahitaji yake ni ya aina nyingine. Denver Nuggets. Wana Nikola Jokić, wakawa mabingwa 2023. Msimu wa 2024/25 Jokić alicheza kama dakika 37 kwa mechi. Toa kwenye 48. Ndio, 11. Hizo 11 akiwa amekaa ndio zilikuwa zinawaua, anarudi anakuta pointi walizokuwa wanaongoza zimeliwa anaanza upya. Na kila mwaka wakawa wanapungukiwa watu wa kati, sio mastaa, wale wa kati. Kiangazi cha 2023 Bruce Brown akaenda Indiana kwa dola milioni 45 za miaka miwili na Jeff Green akaenda Houston, 2024 Kentavious Caldwell-Pope akaenda Orlando. Mei 2025 wakafika mechi ya saba na Oklahoma City, wakapigwa 125 kwa 93, miguu imeisha, mnaoamka saa tisa usiku kuangalia mnajua.

Mtaani wote tukasema Denver wanahitaji staa wa pili mkubwa. Wenyewe wakafanya nini? Wakampeleka Michael Porter Jr. Brooklyn pamoja na haki yao ya drafti ya raundi ya kwanza ya 2032, wakachukua Cameron Johnson, ambaye anatupia kama Porter ila mshahara wake uko chini kwa karibu dola milioni 17. Nafasi hiyo ya hela ikawafungulia mlango, wakamleta Jonas Valančiūnas awe senta wa zile dakika 11, wakamleta Tim Hardaway Jr. wa kutupia kutoka benchi, na Bruce Brown yule yule akarudi kwa mshahara wa kima cha chini. Mi huo usajili naupenda kuliko ule wa majina makubwa, wamenunua dakika walizokosa, basi.

Hela nitapita haraka. Msimu wa 2025/26 kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 154.6, unaweza kukizidi kwa njia kadhaa, lakini kuna mstari mwingine juu huko, msimu huo ulikuwa kama milioni 207.8, ukiuvuka huruhusiwi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili upate mmoja mkubwa. Kwa hiyo timu tajiri inaweza kujua kabisa inachokosa na isiweze kukinunua.

Kitu kingine, ukiangalia mechi acha kufuata mpira. Angalia wapinzani wanamwacha nani. Mtoano wa 2015 Memphis wanaongoza kwa mechi 2 kwa 1 dhidi ya Golden State, wana Tony Allen, mkabaji hatari kweli lakini hatupii. Golden State wakamweka nani amkabe? Bogut, senta! Bogut akawa hamfuati hata kidogo, anakaa chini ya ringi anawasumbua Gasol na Randolph, Allen yuko peke yake huko nje anaachiwa atupie akipenda. Golden State wakashinda tatu mfululizo kazi ikaisha. Memphis walikuwa wamekosa watupiaji miaka na miaka, na kila mtu alijua, lakini siku ile mpinzani ndio aliwaandikia ripoti. Mtoano ukiisha rudia mechi ulizofungwa, mtu wako aliyeachwa wazi kwa makusudi ndio unaanza naye.

Maswali. Ndio dada.

Dada anauliza ningekuwa Memphis 2009 ningechukua nani. Harden, na sisemi kwa sababu najua alivyokuja kuwa. Mike Conley alikuwa gadi wa kugawa mpira, ukimweka pembeni yake mtu anayeweza kufunga na kugawa pia huzibi njia ya mtu yeyote ndani, Gasol anaendelea kukua kwa raha. O.J. Mayo alikuwepo nafasi hiyo, sawa, lakini gadi wawili wanaweza kucheza pamoja, senta wawili wa aina ile hawawezi. Ila usisahau Harden mwenyewe Oklahoma City alitokea benchi misimu mitatu, kwa hiyo hata pale mngemsubiri.

Kocha, karibu. Kocha anasema sisi huku hatuna drafti wala hela, hii inatusaidia nini. Aisee kocha, sisi ndio tunaihitaji zaidi! Karatasi yako iwe na dakika na iwe na miezi pia. Senta wako ni mwongoza watalii, mwezi wa sita mpaka wa kumi yuko Serengeti na wageni, gadi wako ni mwanafunzi, wiki za mitihani humwoni. Sasa kama ligi ya mkoa inaangukia humo humo, wewe huna senta, unadhani unaye tu. Andika ratiba ya kazi ya kila mtu kabla ya kuita majaribio, alafu kwenye majaribio tafuta mrefu mmoja anayeshinda mjini mwaka mzima hata kama ni wa kawaida, umpe zile dakika kuanzia mazoezi ya kwanza ili senta akirudi mwezi wa kumi na moja akute mtu wa kupokezana naye.

Nani mwingine? Chalii wa jezi nyekundu, ongea kwa sauti.