Chapa mwenyewe sura ya mwigizaji wa kabuki kwa ubao

Haya jamani karibuni, leo tunachapa uso wa mwigizaji wa kabuki, maigizo ya jukwaani ya Kijapani, kwa ubao na mikono tu, mashine hamna, na tunafuata ile kazi ya mchoraji Sharaku ya mwaka 1794, Ōtani Oniji wa tatu akiigiza Edobei, mtumishi anayetumwa kupora hela.

Kabla hujashika penseli mkodolee macho kwanza. Vijicho vidogo vimesogeleana, nyusi ziko juu, mdomo kaubana, vidole kavitanua mbele ya kifua kama anakurukia, halafu hesabu mistari ya uso, ni michache mno, kwahiyo usianze kuweka makunyanzi na vivuli vya kwako utaharibu. Picha hizi mashabiki wa Edo, Tokyo ya leo, walikuwa wananunua za mastaa wao na wengi walizoea staa achorwe mzuri, Sharaku yeye anachora pua kubwa kama ilivyo, na mwanaume anayeigiza mwanamke (jukwaa lote ni wanaume) unamwona kabisa ni mwanaume. Alipiga kazi kama miezi kumi akapotea, mpaka leo watu wanabishana alikuwa nani.

Sasa chora kwa wino kwenye karatasi nyembamba sana, ibandike kifudifudi kwenye ubao kwa gundi ya wali. Wenzetu walitumia mcheri wa milimani, mgumu, mstari mwembamba haumeguki, wewe tafuta plaiwudi isiyo na mafundo. Kata kwa kisu pande zote mbili za mstari, kisu ukilaze kidogo ili mstari uwe mpana chini, kisha toa mbao iliyobaki kwa patasi. Polepole kwenye nywele!

Hapa ndo pa kutulia, kento. Ni alama mbili unazochonga kwenye ukingo wa ubao upande ulio karibu na wewe, moja ya kona kulia, nyingine imenyooka kushoto, karatasi inakaa hapo kila mara. Chapa ubao wa mistari pamoja na kento kwenye karatasi kadhaa nyembamba, kila moja ibandike kwenye ubao wake, uchonge sehemu ya rangi moja tu. Kento ikihama hata kidogo rangi ya nguo inapanda shavuni. Zamani mchoraji, mchongaji na mchapaji walikuwa watu tofauti, na mwenye mtaji, kwa Sharaku ni Tsutaya Jūzaburō, ndo anawaunganisha wote, sisi tunajitesa peke yetu.

Kuchapa sasa: karatasi iwe na unyevu, isilowe. Paka wino na gundi kidogo ya wali kwa brashi, laza karatasi kwenye kento, sugua mgongo wake kwa baren, kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, huna, mgongo wa mwiko unatosha. Mistari kwanza, rangi nyepesi zifuate, nzito mwisho.

Bado ule mng'ao wa nyuma, ni unga wa ulanga, yale madini yanayometameta. Ikishakauka mfunike Edobei kwa karatasi uliyokata umbo lake, paka gundi nyembamba juu ya rangi nyeusi ya nyuma yake, nyunyiza unga, subiri, kung'uta. Ukiiangalia kwa pembeni, uso unajitokeza mbele. Ubao usiutupe, osha, kausha kivulini, kesho unachapa nyingine.