Tablo ya nyumba: lini unaibadilisha na juu ya nini

Jamboni bamama na babaa, aksanti kwa kuja na hii mvua. Batoto ba teknike bako huku nyuma, mukuje mbele kidogo juu mikro inakula ku jenereta na sauti inaenda inarudi. Mimi niko elektrisie, kazi ninaifanya hapa Goma tangu miaka mingi, na leo sikuleta kitu ya kuuzisha, niko nakuja kusema tu juu ya tablo, ile boksi ya umeme yenye iko nyuma ya mulango ya salo, ile yenye mutoto akiigusa unamupigia kelele.

Niulize kwanza. Dijonkteri, ile swichi ya ku tablo yenye inaanguka peke yake umeme ikizidi, inalinda nini? (Mutu mumoja: Frigo!) Eeh, kila fasi ninaenda bananijibu frigo. Hapana papa, dijonkteri haijue hata kama uko na frigo. Inalinda waya yenye iko ndani ya ukuta. Waya ikipitisha umeme inapata joto, na ukiongeza umeme mara mbili joto inapanda mara ine, sio mbili, na ile plastiki yenye waya imevaa ya kawaida inavumilia digri 70 tu. Sasa munajua hapa kwetu nyumba ngapi ziko za mbao. Ile waya imelala juu ya ubao kavu wa miaka kumi, na jirani yako naye ukuta wake uko pale pale, mukono unafika.

Zamani kulikuwa fizibo, kale kawaya kembamba kenye kanaungua umeme ikizidi, na fizibo si kitu mubaya, wenye banaifanya mubaya ni sisi. Inaungua saa mbili ya usiku, duka zimefunga, mupira inacheza, papa anakata kipande ya waya anafunga pale, anasema nitarudisha kesho. Niliingia siku moja nyumba ya mbao upande wa Ndosho nikakuta musumari. Musumari wa kweli, wa kupigilia mabati! Nikauliza ni tangu lini, mama akacheka, akasema tangu huyu mutoto hajazaliwa, na mutoto anasoma ya tatu primere. Waya ya unene wa mili kare 2.5 ukiifunga fasi ya fizibo inaweza kupitisha ampere zaidi ya 100 mbele iyeyuke, hapo ile ya ukutani ilishaungua zamani, njo kusema umegeuza, nyumba nzima njo inakuwa fizibo.

Haya, lini? Batu banafikiri tablo inabadilishwa juu imezeeka. Hapana, inabadilishwa juu nyumba imebadilika. Fanya hesabu na miye: fizibo ya zamani ya ampere 10, volti 220 mara 10, ni wati 2200. Ile ilikuwa inatosha sana, ampuli tatu, televizyo, na pasi jumamosi mangaribi. Kisha santrali ya umeme ya Matebe ikafunguliwa kule Rutshuru mwaka 2015, umeme ya muto ikateremuka mpaka hapa mujini, na bamama bengi bakaanza kuchoka na makala, banapika ku resho, jiko ya umeme. Resho ya wati 2000 na pasi ya wati 1500 pamoja, ni karibu ampere 16. Na mwenye parseli naye amejenga vyumba vitatu nyuma vya balokateri (bapangaji), bote banakula ku tablo ile ile ya fizibo mbili, na mumoja kati yao anafanya sudire, kuunga chuma na umeme!

Tablo inaonyaka mbele iungue, ni sisi hatusikilize. Ukiwasha resho ampuli zinashuka. Ukiweka kiganja ku kifuniko unasikia joto. Inavuma kama nyuki, ao inatoa harufu ya samaki, watu banatafuta samaki ku jikoni kumbe ni plastiki inapikwa. Prizi imekuwa nyeusi kando ya tundu. Ukiona moja ya vile, zima kwanza, kisha ita mutu.

Lakini dijonkteri kuanguka peke yake si sababu ya kubadilisha tablo. Toa vitu vyote ku prizi, ipandishe, rudisha kimoja kimoja, mara mingi utakuta ni resho moja yenye imekufa. Na hapa nakasirika kidogo munisamehe, kuna benzetu ba kazi wenye banakuja, banatoa dijonkteri ya 16 banaweka ya 32, haianguke tena, papa anafurahi analipa. Waya ni ile ile ya 2.5! Ya 32 inataka waya ya 6. Ya 1.5 ni ya ampuli, na dijonkteri ya 10 inatosha. Wenye anakuongezea dijonkteri bila kugusa waya amekuuzia moto.

Sasa kitu yenye imenileta. Ile yote ni kulinda waya. Mutu je? Ampuli ya kizamani ya wati 60 inakula milampere karibu 270 (milampere elfu moja njo ampere moja). Moyo wa mutu unaweza kuvurugika na 50. Na dijonkteri ya 16 inangoja zaidi ya milampere elfu 16, utakufa iko inaangalia tu. Mwenye anaona ile kidogo ni diferansieli, ile yenye iko na kitufe ya T ya kuijaribu. Inapima umeme yenye inaenda na yenye inarudi, ikiona milampere 30 zimepotea njiani, labda zimepita ndani ya mutu, inakata mbio, chini ya sehemu moja ya tatu ya segonde.

Kwa nini hapa Goma ni lazima kupita fasi ingine? Juu ya mawe yetu. Kwingine unapigilia pike ya teri, ile chuma ya kupeleka ku udongo umeme yenye imetoroka, ndani ya udongo mwekundu, imeisha. Hapa unapiga nyundo, pike inapinda, unakutana na lava ya Nyiragongo ya 2002 ao ya zamani zaidi, na lava haipendi kupitisha umeme. Teri yetu ni mubaya, nasema wazi. Kama diferansieli yako ni ya milampere 500, inaomba teri isipite oms 100 (oms njo kipimo ya namna kitu kinazuia umeme), na ile kuipata hapa ni kazi ya kutoa jasho. Ya 30 inavumilia hata teri ya oms 1000 na zaidi. Kwa hiyo ukijenga mupya, zungusha kabulo ya shaba tupu ndani ya fondasio mbele ya kumwaga beto, na kwenye tablo weka ya 30. Kama makuta ni kidogo na unaweza kununua kitu moja tu mwaka huu, nunua ile.

(Mama mumoja: Na sisi balokateri, nani analipa?) Mama, tablo ni ya mwenye nyumba, ongea naye, umuonyeshe ukuta yenye imekuwa nyeusi, usianze na bei. Ralonji, ile waya ya kurefusha prizi, yenye umeunga na skoch, ile ni yako.

(Kijana: Mukubwa, nikifinya T na haianguke?) Angalia kwanza kama umeme iko, juu bila umeme T haifanye kitu, batu bengi banafinya wakati wa delestaje, umeme ikikatwa kwa zamu, kisha banasema imekufa. Umeme iko na haianguke? Basi imekufa kweli. Zima yote, na usiiguse mwenyewe, juu upande wa konteri, ile yenye inahesabu umeme, hata ukizima tablo umeme inabakia mule.

(Na batoto batafinya T yote siku nzima!) Banafinya mara moja kwa mwezi, na wewe uko pale.