Namna ya Kusoma Safari za Mkunga Katika Mawe ya Sikio Lake

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo tunamchunguza samaki aitwaye mkunga wa Ulaya, Anguilla anguilla, ambaye huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, kisha akakulia mitoni, kwenye milango ya mito au pwani. Mahali alipoishi hujulikana kwa mawe yake ya sikio, yaani otolithi, ambayo hukua tabaka juu ya tabaka na, tofauti na mifupa, hayamong'onyolewi tena na mwili.

Pasueni fuvu, myatoe mawe mawili makubwa yaliyo chini ya ubongo kwa kibano cha plastiki, kwa kuwa kibano cha chuma kinaweza kuacha chembe zake. Ondoeni utando, yaosheni kwa maji safi ya maabara, kisha yakausheni.

Kabla ya kuligandisha jiwe ndani ya epoksi, yaani gundi inayokauka na kuwa ngumu, litazameni kwa hadubini juu ya kitu cheusi. Likiwa na sehemu inayopitisha mwanga kama kioo, liwekeni kando: hiyo ni vateraiti, fuwele ya kalisi kaboneti isiyohifadhi strontiamu nyingi, nayo strontiamu ni elementi ambayo kwa kawaida huwa nyingi zaidi baharini kuliko mtoni. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mkunga aliyekaa baharini atasomeka kana kwamba aliishi mtoni, na hesabu zenu zote zitakuwa sahihi juu ya kipimo kisicho sahihi.

Baada ya hapo, lisugueni jiwe kwa msasa laini wenye maji, mkikagua mara kwa mara mpaka kiini kionekane. Mkikipita, mwanzo wa maisha yake umepotea.

Leza yenye upana wa mikromita 30 hadi 50 hupitishwa kutoka kiini hadi ukingoni, na vumbi la jiwe huingia katika spektromita ya masi, kifaa kinachotenganisha atomi kwa uzito wake, inayopima uwiano wa strontiamu na kalisi. Pimeni pia kioo cha rejea, NIST 612, ambacho viwango vya elementi zake vinajulikana, mwanzoni na mwishoni.

Katika kufasiri, msishangazwe na strontiamu nyingi karibu na kiini, kwani mikunga wote huanzia baharini. Anzieni kwenye alama ya kubadilika kuwa mkunga mchanga: uwiano ukibaki chini, huenda alikaa kwenye maji yasiyo na chumvi, ukipanda tena, alirudi kwenye chumvi, na pete za mwaka zitawaonyesha ni lini. Hata hivyo, mito inayopita kwenye miamba fulani ina strontiamu nyingi, hivyo chukueni sampuli za maji ya mto wenyewe. Kwa kupima uwiano huo wa strontiamu na kalisi, mwaka 1998 mtafiti Tsukamoto na wenzake walionyesha kwamba wako mikunga, katika Bahari ya Kaskazini na Bahari ya China Mashariki, ambao hawakuwahi kuingia mtoni.