Picha ya Mtu Asiyeonekana

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Tangu tufungue milango ya maonyesho haya naulizwa swali moja: picha hii ni ya nani, mbona mtu haonekani? Ni yangu mimi. Humo nimo mara kadhaa, mmoja kapakwa juu ya mwenzake.

Ningeweza kumchora yule mtoto wa Ujiji chini ya mwembe, kaptula imetoboka, nanyi mkasema kafanana. Lakini simkumbuki kwa sura. Namkumbuka kwa weupe wa dagaa walioanikwa mchangani, ule wa kukufumbisha macho saa sita mchana. Basi nikapaka weupe huo turubai nzima. Juu yake nikampaka kijana aliyepanda treni kwenda kusoma Tabora: wekundu wa vumbi, mzito. Kisha nikashika kisu nikakwangua. Sogeeni hapa kona ya kulia mwone weupe unavyochungulia. Hapo sikuupaka upya, ulikuwepo.

Rangi za mafuta zina kanuni yake. Tabaka la chini liwe jembamba, lililozimuliwa kwa tapentaini. La juu ndilo lizidi mafuta. Ukipindua, la juu linawahi kukauka, la chini bado linajivuta, picha inapasuka. Nami naona wengi wetu tunajipaka kinyumenyume: tunakimbilia kuwa watu wapya ilhali wa zamani bado mbichi.

Tena wa chini haondoki. Picasso alipochora The Blue Room mwaka 1901, turubai mpya zilikuwa ghali kwake, akachora juu ya picha nyingine. Mwaka 2014 ikatangazwa kuwa mionzi ya infraredi imemfichua huko chini mwanamume mwenye ndevu, kashika tama, pete vidoleni. Zaidi ya miaka 100 yumo tu.

Na meli yetu Liemba je? Ilijengwa Ujerumani 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Jina jipya, bodi ileile.

Wapo wasemao sanaa dhahania, hii isiyochora sura ya kitu, ni maficho ya asiyejua kuchora. Wengine ndivyo walivyo, siwatetei.

Haya, maswali. Mnaokuja mbele, kule kushoto ndiko nilikompaka wa mwaka huu. Msimguse, bado anashika vidole.