Shimazu wa Satsuma: Nyumba Iliyojua Kushindwa

Asanteni kwa kuja, na poleni na mvua. Nilipokuwa napanda ngazi nimemsikia mama mmoja akisema mvua hii imetuharibia shughuli. Mama yangu, ungesema hivyo Kagoshima, kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu, wenyeji wangekupinga. Kule mvua ikinyesha siku ya jambo kubwa wanaiita "mvua ya Shimazu", na ni heri. Wanasimulia kwamba mwasisi wa ukoo huo, Shimazu Tadahisa, alizaliwa usiku wa mvua kubwa kwenye hekalu la Sumiyoshi, Osaka, mama yake amejiegemeza kwenye jiwe, mbweha wakimmulikia kwa mioto yao ya ajabu. Kwa hiyo leo tumeanza vizuri.

Ukoo huu ulishikilia pembe ileile ya Japani tangu 1185 hadi 1871. Fanyeni hesabu: miaka 686. Koo zilizovuma kuliko huo, akina Oda, akina Takeda, akina Toyotomi, ziliwaka zikazimika. Ukiuliza siri ya Shimazu utaambiwa ushujaa. Haya, walikuwa mashujaa. Lakini hata Takeda walikuwa mashujaa, na walifutwa 1582. Dai langu jioni hii ni kwamba Shimazu walidumu kwa kuwa walijua kushindwa. Walipigwa mara nyingi, na kila walipopigwa walihakikisha wanabaki na ardhi yao.

Lakini kwanza tumalize suala la baba, maana huwezi kuzungumzia nasaba ukaruka hapo.

Hadithi ya ukoo inasema Tadahisa ni mtoto wa nje wa Minamoto no Yoritomo, shogun wa kwanza wa Kamakura, yaani mtawala wa kijeshi aliyekaa mji huo. Mama yake alipopata mimba, mke wa Yoritomo, Masako, alishikwa na wivu, ikabidi binti wa watu akimbie. Ndipo mvua, jiwe na mbweha. Hadithi tamu. Shida ni kwamba nyaraka za wakati wake zinamwita Koremune Tadahisa, mtu aliyeitumikia nyumba ya Konoe, makabaila wa Kyoto. Konoe ndio waliomiliki Shimazu, shamba kubwa kuliko yote Japani, huko Kyushu. Mwaka 1185 Yoritomo alimteua Tadahisa awe msimamizi wa shamba hilo, naye akachukua jina lake. Yaani jina la ukoo limetoka shambani, halikutoka kwa baba.

Wanahistoria wengi leo hawamkubali Yoritomo kama baba. Ila msidhani hadithi ile ilikuwa porojo ya bure. Karne nyingi baadaye, Japani ikiwa chini ya akina Tokugawa, ambao nao walijidai ni wa damu ya Minamoto, kuwa mjukuu wa Yoritomo kulikupa kiti cha mbele. Mwaka 1779 bwana wa Satsuma, jimbo la ukoo huu lenye mji wa Kagoshima, Shimazu Shigehide, alilijenga upya kaburi la Yoritomo kule Kamakura. Kaburi la Tadahisa liko jirani tu. Ukitaka kuwa mtoto wa mtu, mjengee kaburi.

Turudi nyuma. Mwaka 1197 Tadahisa alipewa ugavana wa kijeshi wa majimbo ya Satsuma na Osumi, na baadaye kidogo Hyuga. Mwaka 1203 ndugu za mama yake, ukoo wa Hiki, walizozana na wakubwa wa Kamakura wakaangamizwa, naye akapokonywa yote matatu. Baadaye akarudishiwa Satsuma peke yake. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ukoo ulipopata dira yake: kuyarudisha majimbo matatu. Iliwachukua zaidi ya miaka 370 kuyaweka tena yote chini ya mkono mmoja, na katikati walipigana wao kwa wao, kaka na mdogo, tawi kwa tawi, mpaka inachosha kusimulia. Naruka.

Nifikie 1549, kwa sababu hapo kuna mtu ambaye pwani yetu ilimwona kabla ya Shimazu. Francisco Xavier, padri Mjesuiti, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa. Aliandika kwamba mzee mmoja Mwislamu wa mji ule alimlalamikia kuwa ibada imepoa: misikiti ilikuwa kumi na saba, sasa inayosaliwa ni mitatu. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, padri huyohuyo akashuka Kagoshima, akapokewa na Shimazu Takahisa. Na nembo ya mwenyeji wake ni nini? Msalaba! Hauna uhusiano wowote na Yesu. Shimazu waliutumia kabla Mkristo yeyote hajakanyaga Japani. Takahisa alimruhusu ahubiri, kwa matumaini kwamba nyuma ya padri zitakuja merikebu za Wareno na bidhaa zake, hasa bunduki, zilizoingia mwaka 1543 kupitia kisiwa cha Tanegashima, hapo jirani. Merikebu zilipokwenda kutia nanga Hirado badala ya kwake, akapiga marufuku watu wake kubatizwa. Biashara haigombi.

Takahisa aliacha wana wanne: Yoshihisa, Yoshihiro, Toshihisa na Iehisa. Hawa ndio waliotimiza dira. Mbinu yao ya vita waliita tsurinobuse, "kuvua na kuvizia". Kikosi cha katikati kinapigana, kisha kinageuka kukimbia kama kimeelemewa. Adui anakifukuza huku akishangilia. Huku na huku, msituni, wamelala wenzao. Sharti lake kubwa ni askari wanaoweza kujifanya wameshindwa bila kushindwa kweli, jambo ambalo jeshi lisilo na nidhamu haliwezi. Likianza kukimbia haligeuki tena. Kwa namna hiyo waliwavunja Otomo, mahasimu wao wa Kyushu, pale Mimigawa mwaka 1578. Mwaka 1584, pale Okitanawate, askari wa Iehisa wakamuua Ryuzoji Takanobu, bwana mwingine wa Kyushu, katikati ya jeshi lake kubwa. Ilibaki kidogo Kyushu nzima iwe yao.

Ndipo Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiiweka Japani nzima chini yake, aliposhuka mwaka 1587 na watu wanaokadiriwa kufika laki mbili. Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Yoshihisa, mkubwa wao, alinyoa kichwa, akavaa kimtawa, akaenda kupiga magoti kwenye hekalu la Taiheiji. Hideyoshi akachukua yale waliyoyateka, akawaachia nyumbani.

Na sasa Sekigahara, Oktoba 1600, vita vilivyoamua nani ataitawala Japani. Hii nikisimulia nasimama.

Yoshihiro ana miaka 65. Amekuja na watu kama 1,500 tu, na yuko upande utakaoshindwa. Asubuhi yote amekaa kimya, hashambulii. Mchana wenzake wanasambaratika, na yeye anajikuta amezungukwa. Nyuma hakupitiki. Kwa hiyo anatoa amri ya kurudi nyuma kwa kwenda mbele: wanapasua katikati ya jeshi la Tokugawa Ieyasu, wanapita karibu na kambi yake mwenyewe, wanashika barabara ya kusini. Kila hatua kadhaa, watu wachache wanaketi barabarani na bunduki zao, wanawangoja wanaowafukuza, wanapiga mpaka wanauawa wote. Kisha wengine wachache wanaketi mbele kidogo. Mpwa wake, Toyohisa, alikufa huko nyuma. Jemadari Ii Naomasa aliyewafukuza alipigwa risasi, akafa baada ya miaka miwili. Waliofika Satsuma pamoja na mzee ni kama 80. Mpaka leo kila Oktoba watu wa Kagoshima wanatembea kilomita zipatazo 20 hadi Ijuin, wengine wakiwa na deraya kamili, kuwakumbuka.

Lakini ushujaa huo pekee haungewaokoa. Kilichowaokoa ni miaka miwili ya barua. Yoshihiro alijitenga, Yoshihisa akabaki nyumbani akiomba udhuru, safari zikiahirishwa, huku mipaka ikiimarishwa. Ieyasu akapima gharama ya kuivamia pembe ile ya mbali, na mwaka 1602 akawaachia kila kitu. Washirika wao wengine walinyang'anywa au kukatwa vichwa.

Msiwapende sana, lakini. Mwaka 1609 walituma watu kama 3,000 kuuvamia ufalme wa Ryukyu, Okinawa ya leo, wakamchukua mfalme Sho Nei mateka. Kisha wakamrudisha kwenye kiti chake, maana China isingefanya biashara na Ryukyu ikijua ni mali ya Wajapani. Wajumbe wa China wakija, maofisa wa Satsuma wanahamia kijijini kujificha. Funika kombe mwanaharamu apite, kwa zaidi ya miaka 250! Visiwa vya Amami ndivyo vilivyoumia zaidi: watu walilazimishwa kulima miwa na kutoa sukari yote kwa bwana, mpaka wakasahau kulima chakula chao.

Ubaya ni kwamba sukari hiyo haikutosha. Mwaka 1754 serikali ya Tokugawa iliwaagiza Satsuma kudhibiti mafuriko ya mito ya Kiso, mbali kabisa na kwao, kwa fedha zao. Zaidi ya 80 walikufa, wengi kwa kujiua, na msimamizi wao Hirata Yukie akajiua kazi ilipokamilika. Kufikia miaka ya 1830 deni la Satsuma lilikuwa ryo milioni tano, yaani sarafu za dhahabu za wakati huo. Mhazini wao, Zusho Hirosato, akawatangazia wafanyabiashara wa Osaka: tutalipa, bila riba, kwa miaka 250. Yaani mpaka miaka ya 2080. Leo wangekuwa bado wanalipa.

Mwaka 1862 watu wa msafara wa Shimazu Hisamitsu walimkata Mwingereza, Charles Richardson, kwa kutowapisha njiani. Mwaka uliofuata manowari za Uingereza ziliipiga Kagoshima kwa mizinga, sehemu ya mji ikaungua. Satsuma walilipa fidia ya pauni 25,000, kwa fedha walizokopa serikalini na hawakuzirudisha. Baada ya miaka miwili tu walituma vijana 19 kwa siri wakasome. Wapi? Uingereza.

Huo ndio ukoo uliosimama na jimbo la Choshu kuuangusha utawala wa Tokugawa mwaka 1868. Na damu yao ilifika mbali: Chikako, binti wa bwana wa mwisho wa Satsuma, ndiye mama mzazi wa malkia Nagako, bibi wa mfalme wa sasa, Naruhito.

Nimalizie na Hisamitsu. Yeye hakuwa bwana wa jimbo. Mwanawe ndiye aliyekalia kiti, baba akashika usukani. Alidhani Tokugawa wakianguka, Shimazu watapanda. Lakini waliokuwa wakiendesha serikali mpya ni watumishi wake mwenyewe, Saigo Takamori na Okubo Toshimichi, samurai wa daraja la chini aliowainua au kuwavumilia. Mwaka 1871 walifuta majimbo yote ya mabwana nchi nzima, Satsuma likiwemo. Hapakuwa na jeshi la kupigana nalo, wala mtu wa kumwandikia barua kwa miaka miwili. Habari ilipofika Kagoshima, mzee aliamuru mashua zitolewe ghubani, akawasha fataki usiku kucha. Hakuwa akisherehekea. Alikuwa na hasira, na fataki ndicho kitu alichobaki nacho cha kulipua.