Kishikwambi Mapajani mwa Rubani: Sheria Inasemaje?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Jana kijana mmoja alinifuata pale uwanja wa ndege wa Tanga, akaniuliza: "Mzee, nikiruka kwenda Pemba na kishikwambi peke yake, bila ramani ya karatasi, nimevunja sheria?" Nikamwambia njoo kesho ukumbini, swali hilo halijibiwi tumesimama juani.

Tuanzie kwenye mzizi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, ibara ya 29, unataja hati ambazo ndege ya safari za kimataifa lazima ibebe: cheti cha usajili, leseni za wafanyakazi, kitabu cha safari na nyinginezo. Ramani haimo. Ramani imo kwenye Kiambatisho cha 6 cha mkataba huohuo, na hapo sharti ni kwamba iwe inafaa, iwe ya sasa, tena ioneshe njia unayokwenda pamoja na ile unayoweza kulazimika kugeukia. Sharti hilo halisemi iwe ya karatasi.

Basi kishikwambi chaweza kuwa ramani halali. Ila rubani wa kampuni inayobeba abiria kwa malipo hajiamulii. Kampuni ndiyo inayoomba idhini kwa mamlaka ya nchi yake, kwetu TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Rubani binafsi wa Marekani ameachiwa nafasi zaidi, FAA, mamlaka ya anga ya kwao, ilitoa mwongozo wake 2007, na vijana wengi huusoma mtandaoni wakadhani umemaliza kila kitu. Haujamaliza. Ndege yenye usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, iko chini ya kanuni zetu, na kanuni hizo ndizo za kusoma kwanza.

Sasa hilo neno "ya sasa" ndilo linaloponza watu. Taarifa za anga duniani hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28: masafa ya redio, maeneo yaliyozuiwa, njia za kutua. Karatasi kuukuu hujionesha yenyewe, imechanika, imepauka. Kishikwambi hakichakai namna hiyo. Malipo ya programu yanakwisha, ramani inabaki inang'aa vilevile, na mtu anaruka na taarifa za miezi mitatu nyuma akijiona yuko sawa. Hayuko sawa.

Halafu kuna joto. Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Asubuhi moja nilitoka hapa kwenda Pemba kwa Cessna ndogo, jua usoni, kishikwambi nimekiegemeza kwenye kioo cha mbele. Hatujafika mbali juu ya bahari, skrini ikawa nyeusi, ikabaki alama ya joto tu. Nilikigusa, kilikuwa moto kama kikaango. Chaji ilikuwa imejaa! Nikafungua karatasi mapajani, nikashika dira na saa, tukafika salama. Tangu siku hiyo kishikwambi hakikai kwenye kioo changu, na karatasi haishuki kwenye ndege yangu.

Kwa hiyo kijana wa jana, ndiyo, inawezekana kisheria, ikiwa ramani ni za sasa na una cha kushika kile cha kwanza kikizima. Nakuona umekaa pale nyuma. Kabla hujaondoka, lete hicho kishikwambi chako hapa mezani, tuangalie pamoja tarehe ya ramani zilizomo.